Kuki Moja, Wasomaji Wawili

Ukifungua msimbo wa fremuweki yoyote kubwa ya tovuti, pale inaposoma kuki, utakutana na mistari inayokaa kama iliandikwa na mtu aliyekuwa nusu usingizini. Mmoja unaondoa nafasi tupu kabla ya jina. Mwingine unakata maandishi kwenye alama ya sawa-sawa ya kwanza, na ya kwanza pekee. Wa tatu unajaribu kufungua thamani, na ikikataa kufunguka unaiacha ilivyo na kuendelea na maisha.

Wasee wengi wanaoanza programu huiona hiyo mistari, wanacheka, halafu wanaandika yao "safi" ya mistari miwili. Inafanya kazi. Wanaenda kulala. Wiki mbili baadaye wateja wanaanza kulalamika kwamba wakibonyeza kitufe cha kulipa hakuna kinachotokea, na si wote, ni baadhi tu, na hakuna anayejua kwa nini.

Msimamo wangu leo ni huu: kila mmoja wa hiyo mistari ni kovu, na kovu lina hadithi. Tunafundishwa programu bila historia, ndiyo maana tunarudia makosa ya watu wa 1996 tukidhani ni mkosi wetu binafsi. Kwa hivyo hebu tupitie hiyo historia pole pole. Na hapa sizungumzii lile bango la "kubali zote" linaloziba ukurasa, ambalo kwa Kiswahili rasmi huziita vidakuzi. Hiyo ni vita nyingine. Nazungumzia kitu kidogo zaidi: kitendo cha kusoma kuki, na kwa nini kimewashinda watu werevu kwa miaka thelathini.

Kikadi cha mlangoni

Tatizo la mwanzo ni kwamba wavuti haina kumbukumbu. Kivinjari kinaomba ukurasa, seva inautoa, mazungumzo yanaishia hapo. Ukiomba mwingine sekunde moja baadaye, kwa seva wewe ni mgeni kabisa. Kwa kusoma makala hiyo ni poa. Kwa kununua viatu ni balaa, kwa sababu lazima mtu akumbuke umeweka nini kwenye kikapu.

Mwaka 1994 kampuni changa ya California, Netscape, ilikuwa inatengenezea MCI, kampuni kubwa ya simu ya Marekani, mfumo wa kuuza vitu mtandaoni. MCI hawakutaka seva zao zibebe mzigo wa kumkumbuka kila mteja aliyeishia nusu ya safari ya kununua. Programa mmoja wa Netscape, Lou Montulli, akapata njia: kumbukumbu yenyewe ikae kwa mteja. Seva inakipa kivinjari kijikaratasi chenye maandishi machache. Kivinjari kinakitunza, na kila kikirudi kwa seva ileile, kinakirudisha bila kukigusa.

Wazo hilo Montulli hakulitoa hewani. Watu wa Unix tayari walikuwa na kitu cha aina hiyo, walichokiita kuki ya kimiujiza: kipande cha data unachopewa na programu moja ili ukirudishe baadaye kilevile, bila wewe kuhitaji kujua kinamaanisha nini. Ukishawahi kuacha begi mlangoni pa supamaketi unakijua tayari. Unapewa kikadi kimeandikwa 47. Hujui na hutaki kujua 47 ni nini. Kazi yako ni kukirudisha. Yule jamaa wa pale akikiona anajua begi ni lipi.

Shika huo mfano, tutauhitaji. Ona vile mfumo mzima unategemea jambo moja: aliyeandika 47 na atakayeisoma 47 wanakubaliana kwamba hiyo ni 47.

Toleo la majaribio la kivinjari cha Netscape lililotoka Oktoba 1994 lilikuwa na kuki ndani yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ndogo sana, kujua kama mtu aliyefungua tovuti ya Netscape alishawahi kufika hapo. Mwaka uliofuata Internet Explorer 2 ya Microsoft nayo ikaanza kuzikubali. Watu wa kawaida hawakuambiwa chochote. Ni mpaka Februari 1996, gazeti la Financial Times lilipoandika habari hiyo, ndipo wengi wakajua kwamba kompyuta zao zinawekewa vijikaratasi.

Sheria iliyoandikwa nusu

Montulli na mwenzake John Giannandrea waliandika waraka mfupi wa kueleza kuki zinafanyaje kazi. Ukiusoma leo unashangaa vile ni mdogo. Kivinjari kisiwe na haja ya kutunza zaidi ya kuki 300 kwa jumla, 20 kwa kila tovuti, na kila moja isizidi kilobaiti 4. Thamani ya kuki isiwe na nukta-mkato, koma wala nafasi tupu ndani yake.

Sasa, na ukihitaji kuweka nafasi tupu? Mathalan jina la mtu, "Asha Mwangi"? Waraka ulipendekeza uifiche kwa mtindo wa anwani za wavuti, ule ambao nafasi inageuka kuwa %20. Ulipendekeza tu. Haukulazimisha, na ulisema hivyo wazi: hakuna mtindo uliowekwa kuwa sheria.

Sentensi hiyo moja ya hiari ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo tutakayoyaona. Ilimaanisha kwamba ukikuta %20 ndani ya kuki, huwezi kujua kama ni nafasi iliyofichwa au ni mtu aliyeandika asilimia, mbili, sufuri kwa sababu zake. Aliyeandika anajua. Wewe unayesoma unabahatisha.

Waraka huo ulikuwa wa awali, wa kampuni moja, uliotolewa kwa haraka. Majaribio ya kuugeuza kuwa sheria rasmi yalikuja mapema: RFC 2109 mwaka 1997, iliyoandikwa na David Kristol pamoja na Montulli, halafu RFC 2965 mwaka 2000, iliyoleta hata kuki za aina mpya. Zilikuwa nyaraka makini. Vivinjari havikuzifuata. Kila kimoja kiliendelea kufanya vile kilikuwa kinafanya, kwa sababu tovuti zilishajengwa juu ya mazoea, na hakuna anayetaka kuwa kivinjari kinachovunja tovuti ambazo kwa jirani zinafunguka.

Mstari mmoja wa maandishi

Mei 1995, Brendan Eich alitengeneza toleo la kwanza la JavaScript pale Netscape kwa siku kumi. Siku kumi, wasee. Lilipofika kwa watu ndani ya Netscape 2, skripti ya ukurasa iliweza kusoma kuki kupitia kitu kinachoitwa `document.cookie`.

Na hapo ndipo pana maajabu. Ungedhani ukitaka kuki inayoitwa tokeni, unaiomba kwa jina na kupewa. Wapi! `document.cookie` inakupa kuki zote kwa pamoja, zikiwa zimeshonwa kuwa mstari mmoja wa maandishi, namna hii:

`lugha=sw; tokeni_zamani=8821; zamani_tokeni=77; tokeni=c2FzYQ==`

Kazi ya kutafuta unayoitaka ni yako. Ukiweka kitu ndani yake, hakifuti zilizopo, kinaongeza moja tu. Yaani unasoma zote lakini unaandika moja. Hakuna kitu kingine kwenye JavaScript chenye tabia kama hiyo, na mtu anayekutana nayo mara ya kwanza anakuwa na haki ya kukasirika.

Kwa sababu lugha yenyewe haikutoa msomaji, kila programa akajiandikia wake. Sasa angalia ule mstari wa juu, uone kuna njia ngapi za kukosea.

Ya kwanza: unatafuta maneno "tokeni=" popote yalipo. Ya kwanza kupatikana iko ndani ya "zamani_tokeni=", kwa hivyo unarudi na 77 na furaha tele.

Ya pili: unakata kila palipo na nukta-mkato, halafu unalinganisha majina. Lakini baada ya kila nukta-mkato kuna nafasi tupu, kwa hivyo jina ulilonalo ni nafasi pamoja na "tokeni", nalo si sawa na "tokeni". Ubaya wa hii ni kwamba kuki ikiwa ya kwanza kwenye mstari, inafanya kazi. Kwenye kompyuta yako, yenye kuki moja, kila kitu ni sawa. Kwa mteja mwenye kuki tano, hakuna.

Ya tatu: unakata kila palipo na alama ya sawa-sawa. Thamani yetu inaishia na mbili, kwa sababu ndivyo mtindo wa base64 unavyojaza nafasi. Zinapotea, na seva inaona tokeni isiyoijua.

Ya nne: unatafuta nukta-mkato inayofuata ili ujue thamani inaishia wapi. Kuki ya mwisho haina. Utafutaji unarudi na -1, na ukiitumia hiyo -1 bila kufikiri unakata herufi ya mwisho.

Ya tano ndiyo noma zaidi: unafungua zile %20 kwa fanksheni ya JavaScript, halafu mtu mwingine kwenye tovuti hiyohiyo, pengine kipande cha tangazo, ameweka kuki yenye maneno "punguzo 50%". Hiyo asilimia haina nambari mbili nyuma yake. Fanksheni haivumilii, inarusha kosa, na skripti yako yote inasimama. Umeangushwa na kuki ambayo hata hukuihitaji.

Hakuna hata moja kati ya haya inayotokana na ujinga. Yote yanatokana na kusoma kitu ambacho kanuni za kukisoma hazikuandikwa zikakamilika.

Zama za kunakili

Watu walifanya nini? Walinakili. Mholanzi Peter-Paul Koch, kwenye tovuti yake ya QuirksMode, aliweka fanksheni tatu fupi za kuandika, kusoma na kufuta kuki, akieleza kwamba msingi wake uliandikwa na Scott Andrew. Zilisambaa dunia nzima. Ndani ya ile ya kusoma kuna kijizunguko kinachoondoa nafasi tupu moja baada ya nyingine mwanzoni mwa kila kipande. Ndiyo ile hitilafu ya pili, imeshonwa kiraka. Mwaka 2006 Klaus Hartl akatoa programu-jalizi ya kuki kwa watumiaji wa jQuery, ambayo baadaye ilizaa js-cookie inayotumika mpaka leo.

Mimi sina shida na kunakili. Nina shida na kunakili bila kuuliza. Kijizunguko kile ukikiondoa kwa sababu kinakaa vibaya, umerudisha hitilafu ambayo mtu alishaikamata kabla wewe uzaliwe.

Kwa nini inauma

Unaweza kusema, sawa, kuki isiposomwa vizuri ukurasa utakuja kwa Kiingereza badala ya Kiswahili, kuna hasara gani?

Hasara ni kwamba kuki ndiyo wewe. Ukishaingia kwenye akaunti, neno lako la siri halitumwi tena. Kinachotumwa kila mara ni kile kikadi cha 47. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa programu-jalizi ya Firefox iitwayo Firesheep kuonyesha hili waziwazi. Ukiwa kwenye waifai ya mkahawa isiyo na ulinzi, ilikuonyesha akaunti za watu waliokaa meza za jirani, Facebook na Twitter zikiwemo, na kwa kubonyeza mara moja unaingia ukiwa wao. Haikuvunja neno la siri la mtu yeyote. Iliokota kuki tu.

Wengine walikuwa wameshaona hatari nyingine mapema. Mwaka 2002 Microsoft waliongeza kwenye Internet Explorer 6 alama ya HttpOnly, inayosema kuki hii iende kwa seva lakini skripti ya ukurasa isiione. Ni wazo zuri na ukiandika tovuti leo, kuki ya kuingia kwenye akaunti lazima uiwekee alama hiyo. Sasa mtu mwerevu atauliza: si basi tungefunga mlango kabisa, skripti zisisome kuki yoyote, na mambo yaishe?

Hayakuisha, na sababu ni ya kuvutia. Kuna shambulio linaloitwa CSRF. Wewe umeingia kwenye akaunti yako ya benki kwenye kichupo kimoja. Kwenye kichupo kingine umefungua tovuti ya mwizi. Tovuti ya mwizi inaamuru kivinjari chako kitume fomu kwa benki. Kivinjari, kwa utiifu wake, kinabandika kuki yako ya benki. Benki inaona kikadi halali. Mwizi hajakiona kikadi, lakini amekutumia wewe ukipeleke.

Dawa mojawapo ni kuwa na tokeni ya siri inayopelekwa mara mbili: ndani ya kuki, na tena ndani ya fomu au ujumbe wenyewe. Mwizi anaweza kufanya kivinjari kitume kuki, lakini hawezi kuisoma ya tovuti nyingine, kwa hivyo hawezi kuinakili kwenye fomu. Seva inalinganisha mbili. Zisipofanana, mlango haufunguki.

Fremuweki ya Django, iliyotoka 2005 na inayotumia lugha ya Python, ilikuwa na ulinzi huo lakini ilisamehe maombi yaliyotumwa na JavaScript, yale yenye alama maalumu ambayo vivinjari haviruhusu tovuti ya mwizi kuiweka. Mapema 2011 ikaonekana kwamba programu-jalizi za vivinjari zikichanganywa na ujanja wa kuelekeza ombi kwingine, mwizi anaweza kuiweka hiyo alama. Habari ilitoka kwa wahandisi wa Google, ikapitia kwa timu ya Ruby on Rails, ikafika kwa Django. Februari 2011 fremuweki zote mbili zikatoa marekebisho ya usalama. Kwa Django msamaha ukafutwa: kila ombi la JavaScript lilete tokeni.

Na tokeni inatoka wapi? Kwenye kuki. Inasomwaje? Kupitia `document.cookie`, ule mstari mmoja wa maandishi wa mwaka 1995. Ndiyo maana maelezo ya Django yakaja na fanksheni ya kusoma kuki, ya kunakili na kubandika kwenye tovuti yako. Iangalie vizuri: inaondoa nafasi tupu, na inalinganisha jina pamoja na alama ya sawa-sawa kuanzia herufi ya kwanza. Hitilafu ya kwanza na ya pili, zimezibwa kabla hujazifanya.

Kuanzia hapo kusoma kuki vibaya hakukuwa tena jambo la lugha ya ukurasa. Ukikosea, fomu zako zote zinakataliwa. Ukikosea kwa upande mwingine, mwizi anapita.

Viraka vitatu vya AngularJS

AngularJS, fremuweki ya Google iliyotolewa 2010, ilifanya vivyo hivyo: inasoma kuki inayoitwa XSRF-TOKEN na kuirudisha kwa seva ndani ya ujumbe. Msomaji wake wa kuki ni faili fupi mno, unaweza kuimaliza ukisubiri chai ichemke. Ukiisoma leo utakuta viraka vitatu.

Cha kwanza: kufungua zile %20 kumewekwa ndani ya jaribio. Ikishindikana, inarudisha maandishi yalivyo. Hiyo ndiyo dawa ya "punguzo 50%". Kabla yake, kuki moja mbovu ya mtu mwingine ilitosha kuangusha usomaji wa zote.

Cha pili: hata kule kuomba `document.cookie` kwenyewe kuko ndani ya jaribio, kwa sababu ukurasa ukiwa umefungiwa ndani ya fremu yenye vizuizi, kivinjari kinarusha kosa hata kwa kuuliza tu.

Cha tatu: kuki mbili zikiwa na jina moja, ya kwanza kuonekana ndiyo inashinda. Hili linakaa la kubahatisha mpaka ujue kwamba vivinjari hupanga kuki ya njia ndefu zaidi mbele. Ya `/duka/malipo` inakuja kabla ya ya `/`. Ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi na ukurasa ulipo. Msomaji anayeacha ya mwisho ishinde anachukua ile ya mbali.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kingefikiriwa na mtu aliyekaa peke yake na kalamu. Nijuavyo mimi kazi hii, viraka vya namna hiyo huanza na mtu mahali fulani kuona tovuti yake imekufa, akatafuta, akaandika ripoti.

Siku wasomaji wawili walipotofautiana

Aprili 2011 ikaja RFC 6265, iliyoandikwa na Adam Barth, na hapa kuna somo kubwa. Barth hakuandika vile kuki zingepaswa kuwa. Aliandika vile vivinjari vinafanya kweli. Waraka wake una sehemu mbili: moja kali, kwa wanaoandika kuki upande wa seva, na moja ya kina, inayovieleza vivinjari hatua kwa hatua namna ya kusoma hata vitu vya ovyo. Miaka 17 baada ya Montulli, hatimaye kusoma kulikuwa na kanuni.

Lakini kanuni kwenye karatasi haibadilishi msimbo ulioandikwa kabla yake. Django haikuwa na msomaji wake wa kuki upande wa seva, ilitumia ule uliokuja na Python. Na msomaji wa Python alikuwa na mazoea yake ya zamani: akiwa ndani ya thamani ya kuki moja, herufi fulani zilimfanya aone mwanzo wa kuki nyingine.

Sasa weka Google Analytics kwenye tovuti hiyo, kama tovuti nyingi wakati huo. Ilikuwa inaandika kuki ya kukumbuka mgeni ametoka ukurasa gani. Anwani ya ukurasa huo nani anaichagua? Mwenye ukurasa. Na mwenye ukurasa akiwa ni mwizi, anaandika anwani inayobeba ndani yake maneno ya tokeni anayoitaka yeye. Unabonyeza kiungo chake, Google Analytics inaiandika anwani kwenye kuki. Kivinjari kinaona kuki moja. Python inasoma na kuona mbili, ya pili ikiwa tokeni ya CSRF iliyopandwa na mwizi. Kwa kuwa tokeni ni yake, anaijua, anaiweka kwenye fomu, seva inalinganisha, zinafanana, mlango unafunguka.

Hitilafu hiyo iliripotiwa na Sergey Bobrov na ikapewa nambari CVE-2016-7401. Tarehe 26 Septemba 2016 Django ikatoa matoleo 1.9.10 na 1.8.15 kuiziba.

Sasa tazama vile waliiziba. Hawakuongeza ukali. Waliacha kumtegemea msomaji yule wa zamani, wakaandika wao mfupi: kata kwenye nukta-mkato, basi. Kila kipande kikate kwenye alama ya sawa-sawa ya kwanza pekee. Ondoa nafasi tupu pembeni. Na wakasema wazi kwamba sasa Django inaweza kukubali kuki ambazo kwa RFC 6265 ni batili, alimradi kivinjari kinaweza kuziweka kupitia `document.cookie`.

Soma tena hiyo sentensi. Marekebisho ya usalama yaliyoifanya fremuweki iwe mlegevu zaidi kwa herufi, ili iwe sawa na kivinjari. Kwa sababu hatari haikuwa kuki chafu. Hatari ilikuwa kuki moja kusomwa na wawili kwa namna mbili. Mlinzi mmoja anasoma 47, mwenzake anasoma 4 na 7, na mwizi anaondoka na begi la mtu akipita katikati yao.

Tunachojifunza

Leo tumefika pazuri kidogo. Chrome 87, mwishoni mwa 2020, ilileta njia mpya iitwayo CookieStore ambapo unaomba kuki kwa jina na kupewa hiyo peke yake. Safari na Firefox zilijiunga 2025. Yaani kile ungedhani kilikuwepo tangu siku ya kwanza kilichukua miaka thelathini kufika kwenye vivinjari vyote vikubwa. Lakini `document.cookie` haitaondoka kesho, tovuti zilizojengwa juu yake ni nyingi mno, na upande wa seva bado kuna mtu anayekata maandishi kwenye nukta-mkato.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa wewe unayejifunza, iwe ni chuo, iwe ni simu yako na bando za usiku. Ukipewa kazi ya kurekebisha usomaji wa kuki, usiione ni kazi ya chini. Hapa kwetu tunampigia makofi anayezindua programu mpya, na anayeziba tundu kwenye ya zamani hata jina lake hatulijui. Ila fikiria ni pesa za nani zingepita kwenye hilo tundu.

Kabla hujasema umemaliza, jaribu kuki hizi tano: moja isiyo ya kwanza kwenye mstari, moja ambayo jina lake liko ndani ya jina la nyingine, moja yenye alama za sawa-sawa ndani ya thamani, moja yenye asilimia iliyokaa peke yake, na mbili zenye jina moja kwa njia tofauti. Halafu fanya la sita ambalo wengi hawafanyi: chukua mstari uleule, uupe kivinjari, uipe na seva yako, uulize kila mmoja ameona kuki ngapi. Wakitaja nambari tofauti, hujamaliza kazi.

Na ukikuta mstari wa ajabu kwenye msimbo wa mtu, kabla hujaufuta, tafuta ni lini uliingia na kwa sababu gani. Historia ya mabadiliko ipo, imehifadhiwa, ni bure. Mara nyingi utapata mtu ameeleza kwa sentensi mbili tovuti ya nani ilianguka siku hiyo.